Jinsi ya kuomba feloshipu ya utafiti wa sayansi ukiwa hapa Dodoma, kuanzia swali mpaka kutuma fomu

Kila ikifika mwezi wa tisa simu yangu inaanza kujaa meseji za aina moja, "kaka naomba linki ya skolashipu", na wanaotuma sio watu wa mchezo, ni vijana wa fizikia, kemia, baiolojia, GPA 4.0 na kitu, wamemaliza chuo wapo tu geto Ng'ong'ona au wamerudi kwao Kondoa na Mpwapwa wanasubiri ajira. Namuuliza, sawa mdogo wangu, unataka kutafiti nini? Kimya. Anasoma meseji alafu harudi. Linki zipo nyingi mno mtandaoni, kinachokosekana ni kitu cha kuweka ndani ya fomu, na hicho ndo nataka tukitengeneze hapa. Mimi mwenyewe niliomba mara mbili nikakosa, ya tatu nikapata, na GPA ilikuwa ile ile mara zote tatu.

Hatua ya kwanza: elewa unaomba nini

Feloshipu ya utafiti, yaani ufadhili wa kufanya utafiti, haifanani na mkopo wa Bodi. Bodi inapima uhitaji wako, inataka kujua kwenu mna hali gani. Watu wa feloshipu wanatafuta mtafiti, kwahiyo mtu anayesoma fomu yako anajiuliza huyu anataka kujua nini, ataweza kweli kukijua kwa muda tunaompa, na akishakijua kitamfaa nani. Maombi yangu ya kwanza nusu ukurasa mzima nilieleza baba alivyofariki nikiwa fomu tuu na mama alivyotusomesha kwa kuuza mboga pale soko la Majengo. Ni kweli yote na yananiuma mpaka leo, ila aliyesoma hakuona swali la kisayansi hata moja mpaka aya ya nne. Maisha yako yataje pale yanapoeleza kwanini swali hilo ni lako. Mama kuuza karanga ambazo wateja walianza kuziogopa baada ya habari za sumukuvu, hapo mama anaingia kwenye propozo (andiko la utafiti wako) kwa haki kabisa.

Sasa uombe wapi. Kuna programu ya Marekani watu wanatumiana sana, GRFP ya NSF, shirika la serikali yao la kufadhili sayansi, ipo tangu 1952, inalipa miaka 3. Hiyo ni ya raia wa Marekani na wakazi wao wa kudumu, sisi haituhusu, usipoteze bando lako kujaza. Ila maelekezo yake yasome hata kama huombi, maana wamesema waziwazi wanapima vitu viwili, ubora wa kisayansi wa wazo na faida yake kwa jamii, na mpango wa utafiti wanautaka kwenye kurasa 2 tu. Jaribu kuandika wazo lako kwenye kurasa 2 uone ugumu wake. Ukiweza hapo, fomu nyingine yoyote utaijaza.

Zinazotuhusu ni kama hizi. Akina dada, OWSD, shirika la wanawake wa sayansi lenye makao Trieste, Italia, inalipia PhD za wanawake wa sayansi kutoka nchi kama yetu, na unasoma kwenye chuo cha nchi nyingine inayoendelea, ama muda wote huko ama kwa mtindo wa sandwichi, umesajiliwa nyumbani na unaenda huko kwa vipindi. DAAD wa Ujerumani wana ufadhili wa kusoma Mastazi na PhD hapa hapa Afrika kwenye vyuo walivyovichagua, ila wao kwa kawaida wanataka digrii yako ya mwisho isizidi miaka 6, kwahiyo wewe uliyemaliza zamani piga hesabu kwanza. Watu wa kilimo waangalie RUFORUM, umoja wa vyuo vikuu vya Afrika kwenye kilimo, ipo Makerere. Wa sayansi tumizi na uhandisi wanaotaka PhD waangalie RSIF, mfuko wa kulipia PhD Afrika, ambayo inasimamiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi. Alafu kuna skolashipu za Commonwealth za Uingereza na za MEXT, wizara ya elimu ya Japani. Taasisi ya Nelson Mandela Arusha nayo usiisahau, mle ndani kuna miradi inayokuja na nafasi za wanafunzi zimeshalipiwa. Chagua mbili au tatu zinazokufaa, usiombe kumi na tano, utaziharibu zote.

Hatua ya pili: tengeneza swali

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe na hapa naomba ukae, miezi miwili ukiwekeza hapa haijapotea.

Wengi wakiambiwa waandike wazo wanaandika mada. "Utafiti kuhusu sumukuvu Tanzania". Hiyo ni mada, haina jibu. Ngoja nikuonyeshe jinsi ya kuibana maana ndo niliyoanza nayo mimi. Sumukuvu inatengenezwa na kuvu, hasa Aspergillus flavus, kwenye mahindi na karanga, na mwaka 2016 iliua watu hapa kwetu Dodoma na Manyara, sio habari ya mbali. Sawa. Sasa jiulize, zao gani? Karanga. Za wapi? Chemba. Sumu inaongezeka lini, shambani au stoo? Stoo. Stoo ya aina gani, watu wanahifadhi kwenye nini? Viroba vya kawaida, na wachache wameanza mifuko isiyopitisha hewa. Basi swali likatoka hivi: je, kwenye kaya zile zile za Chemba, karanga zilizokaa miezi 6 kwenye kiroba cha kawaida zina sumukuvu nyingi kuliko zilizokaa kwenye mfuko usiopitisha hewa, na ni ngapi kati yake zinavuka kiwango cha Afrika Mashariki cha maikrogramu 10 kwa kilo? Hilo lina jibu. Ndio au hapana, na namba juu. Msomaji aliyeko Bonn au Nairobi anaweza kulishika mkononi.

Fanya hivyo na wazo lako. Ukishaandika swali wapelekee watu wawili, mmoja wa fani yako na mwingine ambaye hajasoma sayansi kabisa. Mimi nilimsomea shangazi, akaniuliza "na hizo karanga kabla ya kuziweka kwenye mfuko si zinaweza kuwa na sumu tayari?" Aisee. Ilibidi niongeze kipimo cha siku ya kwanza kwa kila kaya, na kwenye usaili hilo ndilo swali la kwanza kabisa waliloniuliza.

Na usidhani swali la kijijini kwenu ni dogo. Maji ya Dodoma sehemu kubwa yanatoka visima vya Makutupora, na pale kina cha maji kimekuwa kikiandikwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature Climate Change walichokiona kwenye hizo kumbukumbu za zaidi ya miaka 50, kwamba maji ya chini pale yanajazwa hasa na misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98, miaka mingine karibu hakuna kinachoingia. Dunia nzima ya watu wa maji wanaitaja hiyo kazi, na chanzo chake ni vipimo vya kisima watu walivyokuwa wanaandika mwezi baada ya mwezi hapa hapa njia ya kwenda Arusha. Kwahiyo ukiwa mtu wa haidrolojia, zabibu, mtama, mmomonyoko wa Kondoa, mbung'o, chochote, una kitu ambacho mwombaji wa Boston hana, upo jirani na sampuli.

Kama huna uzoefu wa maabara nenda kaombe kujitolea. TARI ni taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, TARI Makutupora wapo kwenye zabibu, TARI Hombolo wapo kwenye mtama na uwele, vyuo vina maabara. Barua ya ukurasa mmoja, ipeleke kwa mkono wako, imeili peke yake inasahaulika. Miezi mitatu ya kusaga sampuli na kuandika leboo inaonekana kwenye CV kuliko semina ishirini za vyeti.

Hatua ya tatu: tafuta msimamizi

Feloshipu nyingi zinataka barua ya kukubaliwa na chuo au na supavaiza kabla hujajaza fomu, na hii ndo inachelewesha watu. Tafuta pepa za karibuni kwenye swali lako, angalia waandishi, hasa wa mwisho kwenye orodha maana kwenye fani nyingi za sayansi huyo ndo mwenye maabara. Andikia watu sita au nane, kila mmoja imeili yake, usikopi na kupesti ukasahau kubadilisha jina, nimeona mtu kapoteza nafasi hivyo.

Imeili iwe fupi, kwa Kiingereza cha kawaida tu, mistari nane inatosha. Mstari wa kwanza wewe ni nani na umemaliza nini. Wa pili na wa tatu, nimesoma pepa yenu ya mwaka fulani, mmeonyesha hiki, nikabaki najiuliza hiki. Alafu swali lako kwa sentensi moja. Alafu unaweza kufanya nini kwa mikono yako, mfano "nimepima sampuli kwa ELISA kwa miezi mitatu" (ELISA ni kipimo cha maabara, kinapima hata sumukuvu). Alafu unaomba feloshipu gani, inafungwa lini, na unauliza kama atakuwa tayari kukusimamia. Ambatisha CV ya kurasa mbili na transkripti, basi. Hakuna kuandika "I am humbly begging", sisi tumelelewa kwa unyenyekevu na ni jambo zuri, ila pale anasoma kama huna uhakika na kazi yako. Asipojibu baada ya wiki mbili kumbushia mara moja. Akinyamaza tena songa mbele. Kati ya nane niliowaandikia walijibu watatu, mmoja ndo akawa.

Hatua ya nne: barua za marifarii (watu wanaokufahamu wanaokutolea ushuhuda)

Hii hatua imeua ndoto nyingi kuliko GPA. Lekchara ana wanafunzi mia tatu, hakukumbuki vizuri, na wewe unampigia siku nne kabla ya dedilaini. Atakuandikia barua ya mistari mitano, "ni kijana mtiifu na anahudhuria darasani", na barua hiyo ni heri isingekuwepo.

Nenda wiki sita kabla. Nenda ofisini, au meseji yenye adabu: "Shikamoo Dokta. Ni mimi uliyenisimamia projekti ya visima vya Bahi mwaka juzi. Naomba feloshipu inayofungwa tarehe 30, inahitaji barua mbili. Naomba kujua kama unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua nzuri, na kama nafasi haipo nitaelewa kabisa Dokta." Hilo swali la "kiasi cha kuniandikia barua nzuri" linampa njia ya kukataa kwa heshima, na akikataa amekusaidia.

Akikubali mpe ukurasa mmoja wenye mambo haya: swali lako, feloshipu inapima nini, na vitu viwili vitatu vilivyotokea kweli mkiwa pamoja ambavyo anaweza kuvisimulia. Mimi nilimkumbusha mwalimu wangu kuhusu siku mashine ilipogoma na nikarudia sampuli zote 40 kwa mkono wikiendi ile, akaiandika, na barua ikawa na mtu ndani yake. Kuna walimu watakwambia andika mwenyewe nije nisaini. Mwombe kwa upole aiandike yeye, mpe ule ukurasa umrahisishie. Barua ukiandika mwenyewe inafanana na propozo yako maneno kwa maneno na wasomaji wanaona. Wiki moja kabla kumbusha, siku mbili kabla kumbusha tena. Hatachukia.

Hatua ya tano: makaratasi

Anza mapema hata kama hujapata swali. Transkripti kamili, maana rizalti slipu hawaitaki. Rafiki yangu alisubiri transkripti wiki saba kwenye chuo alichosoma kwa sababu ya deni la elfu kadhaa la maktaba ambalo hakuwahi kuambiwa, dirisha likafungwa akiwa bado anazunguka na karatasi ya kugongewa mihuri. Kwahiyo maliza klirensi yako (kuthibitishwa kwamba hudaiwi na chuo) leo. Paspoti ya kielektroniki ni 150,000, omba kabla ya kuihitaji. Majina, jamani majina: kama cheti cha fomu foo kina jina la kati na NIDA haina, au herufi zimepishana, nenda kwa wakili ukafanye hati ya kiapo sasa hivi, uwe nayo. Nakala zigongwe muhuri wa wakili pale wanapotaka.

Kiingereza, kabla hujatoa hela ya IELTS uliza chuo unachoomba kama wanapokea barua kutoka chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, baadhi wanapokea. Ukifanya IELTS matokeo yanaishi miaka 2 tu kwahiyo usifanye mapema mno. Mtumishi wa umma, barua ya mwajiri ya kukuruhusu isikuponyoke, inapita meza nyingi.

Na kama mtu anakwambia tuma hela kwenye namba ya simu ili jina lako lipite, huyo ni mwizi. Vyuo vingine vina ada ya maombi kweli, ila unailipa chuoni kwenye mfumo wao, na ukiandika kuomba usamehewe mara nyingine wanakubali.

Hatua ya sita: propozo, bajeti na ratiba

Sehemu ya maneno ukishakuwa na swali zuri haitakusumbua: tatizo, kinachojulikana, kisichojulikana, swali, utafanyaje, itamfaa nani. Watu wanaangukia kwenye namba na kalenda. Nakuonyesha hesabu yangu. Kaya 60, kila kaya sampuli 2 baada ya miezi sita, moja ya kiroba na moja ya mfuko, ni sampuli 120. Kila sampuli inapimwa mara mbili, ni vipimo 240. Sahani ya ELISA ina visima, yaani vishimo vidogo vya kuwekea sampuli, 96, vya sampuli za kulinganishia vinakula 12, vinabaki 84. Kwahiyo sahani 3, zinabeba 252. Alafu vile vipimo vya siku ya kwanza alivyovileta shangazi, sampuli 60 mara mbili, 120, sahani 2. Jumla 5, na moja ya akiba kwa ajili ya kuharibika. Ukiandika hivyo anayesoma anajua umeshawahi kushika hiyo sahani. Ukiandika "vifaa vya maabara, dola 5,000" anajua hujawahi.

Ratiba nayo ifuate mvua. Dodoma tuna msimu mmoja, mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne hivi, karanga zinavunwa kuelekea wa tano. Kama masomo yanaanza mwezi wa kumi huwezi kuandika "mwezi wa kumi na moja: kukusanya karanga mpya". Mimi hiyo miezi ya katikati nikaijaza vibali. Ukisoma chuo cha nje na kukusanya data hapa utahitaji kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), ukigusa watu na afya unapita NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kwa ajili ya maadili, na sampuli zikitoka nchini zina mkataba wake. Hayo yote weka kwenye ratiba kwa miezi, wasomaji wanapenda kuona unajua milango iko wapi.

Hatua ya saba: kutuma

Soma saa vizuri. Wakisema 23:59 saa za Berlin, ukiwa wakati wao wa baridi ni saa 7:59 usiku wetu, wakati wao wa joto ni saa 6:59 usiku. Ila usifike huko. Mara yangu ya pili niliacha mpaka usiku wa mwisho, nimeskani vyeti steshenari kwa rangi, faili moja MB 11, mfumo unapokea MB 2, naanza kutafuta jinsi ya kuipunguza, umeme ukakatika mtaa mzima, laptopu ikabaki asilimia 9. Nilituma maombi bila cheti kimoja. Tangu hapo natuma siku tatu kabla. Skani kwa rangi nyeusi na nyeupe, dpi 150 inasomeka vizuri, kila pidiefu ipe jina lako la ukoo mbele, alafu fungua kila moja kwenye simu ya mtu mwingine uone inafunguka. Ukishatuma hifadhi ile imeili ya uthibitisho na uchukue skrinshoti.

Usaili ukiitwa, mara nyingi ni dakika 20 hivi kwa Zoom. Jizoeze kueleza swali lako kwa dakika mbili bila karatasi, kwa sauti. Tafuta sehemu yenye umeme wa uhakika na kimya, hata ukiomba ofisi ya mtu kwa saa moja. Usilolijua sema silijui alafu eleza ungelitafutaje.

Ukikosa, andika kuomba maoni ya wasomaji, wengine wanatoa. Yale ya mara yangu ya pili yalikuwa mistari minne, wakasema mbinu haielezi idadi ya sampuli imetoka wapi, na ile hesabu ya kaya 60 hapo juu ilizaliwa kwenye mistari hiyo.

Ukipata, kabla ya kusaini soma barua ya tuzo yote: posho inaingia kila mwezi au kila miezi mitatu, bima ya afya ipo, tiketi nani anakata, ada ya maabara imo au inatoka kwenye posho yako. Mimi posho ya kwanza iliingia wiki tano baada ya kufika, kwahiyo ondoka na akiba ya kula na kulala ya mwezi mmoja na nusu, hata kama ni ya kukopa kwa ndugu.